Siku Zangu za Upweke Kilimani

Jumatatu, 1 Juni 2009

Nimefika. Kibanda kimesimama. Mlango unafungika ukiuinua kidogo kwa goti. Ukuta wa mashariki bado haujakandikwa, kwa hiyo nina dirisha kubwa kuliko nilivyokusudia.

Hapa ndipo palipokuwa kwa baba. Lori la Operesheni Vijiji lilituchukua mwaka sabini na nne, sisi na vinu na mitungi na kuku waliofungwa miguu, likatushusha kwenye uwanda usio na mti. Kutoka hapo nikaenda Mugumu. Kutoka Mugumu nikaenda Tarime mjini, nikagonga mihuri ya posta mpaka nikastaafu, nikaishia chumba cha uani kwa binti yangu Veronika, pale Bomani. Kote huko nililala nikikiona kilima hiki. Sasa nakiona nikiwa macho.

Nyumba hazipo. Hata mawe ya mafiga hayapo. Lakini zizi lipo! Minyaa aliyoipanda baba bado imesimama duara, mirefu kama nguzo za simu, na pengo la lango liko palepale. Ndani udongo ni mweusi, na majani yake ni mabichi kuliko ya kilima kizima. Ng'ombe wa mwisho alitoka hapo nikiwa kijana, na samadi yake bado inafanya kazi. Nilisimama katikati, kofia mkononi, mpaka jua likanifukuza.

Veronika amenipa sharti. Nikishindwa na homa, na nyoka, au na ujinga wangu mwenyewe (maneno yake), nitarudi Bomani na sitalitaja zizi hili tena mezani kwake. Nimekubali. Mtu aliyekisoma kitabu changu hashindwi. Kinaeleza uzuri wa kuishi porini na vitu vichache. Mchwa wamekula jalada pamoja na jina la mwandishi, ila hoja zimebaki.

Jumanne, 2 Juni

Tetere waliniamsha. Baridi kali. Uji wa wimbi, bila sukari, kwa makusudi. Ukungu ulikuwa umelala bondeni kama zamani, na kwa muda mfupi nilimsubiri mama atokee kwenye njia ya chemchemi, mtungi kichwani. Hakutokea. Nikaosha sufuria.

Sasa, tatizo. Kitabu kina sura ya maji, sura ya moto, sura ndefu sana ya upweke. Choo hakitajwi popote. Nimepekua mara mbili.

Mzee wa Kikurya hasemi habari za choo chake, wala haonekani akikiendea. Hilo baba alitufundisha kwa fimbo. Kwa hiyo nimechagua mahali palipojificha, chini kidogo ya zizi. Nachimba kabla ya wapita njia. Wakianza kupita, nafunika shimo kwa matawi na kujifanya natazama ndege. Udongo siuachi pale. Naubeba kwa karai hadi kijitoni, nauchekecha, naosha changarawe, na ule laini nakandikia ukuta. Hakuna kinachopotea. Nimeinama majini kutwa nzima nikitikisa karai, mgongo unaniuma, moyo umetulia. Wanawake wawili walipita na kuni wakasimama kunitazama muda mrefu. Nadhani waliona wivu.

Alhamisi, 4 Juni

Nilishuka hadi dukani kwa Hamim, Nyarero, kununua chumvi. Chumvi tu. Na majani ya chai. Na sukari, betri za redio na biskuti. Mtu wa vitu vichache lazima awe navyo hivyo vichache.

Hamim ni mzaliwa wa hapa, ingawa babu yake alikuja kutoka pwani na mzigo wa nguo. Ni mtu mstaarabu, lakini leo alinishangaza. Alinipisha kwenye kiti chake. Akanifungulia soda. Kisha akashusha sauti akasema amesikia nachimba.

Masikio yaliniwaka moto. Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya siri ya mtu mzima, na nikamwomba kwa jina la Mwenyezi Mungu asimwambie mtu. Aliapa. Akauliza tu kama ni kirefu. Nikasema bado, ila mwelekeo ni mzuri. Akauliza kama udongo umebadilika rangi. Nikasema ndiyo, chini ni mwekundu wenye vimetameta. Alikataa malipo ya biskuti.

Huku bado wanawaheshimu wasomi.

Ijumaa, 5 Juni

Balaa!

Niliamshwa na nyundo. Nilitoka na blanketi mabegani nikakuta kilima kimejaa watu. Kamba, miti, moko za kupasulia mwamba, mifuko, sufuria za chai. Na choo changu, ambacho jana kilinifika kiunoni, leo kilikuwa kimemmeza mtu mzima na ngazi yake. Watu wanauita mlipuko: dhahabu ikisemekana imeonekana mahali, vijana wanaacha hata harusi.

Kiongozi wao ni Ryoba. Kifua wazi, kaptula, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuja mbio, akainama, akanipa shikamoo yenye adabu kamili. Aliniita Tata, kama mtu anavyomwita baba yake. Akasema mimi kama mwenye ardhi nitapata fungu langu la mawe bila kushika nyundo.

Nilisimama wima. Nikaacha aibu. Nikatamka mbele ya umati kwamba lile ni shimo la choo.

Walicheka kwa heshima, wakitazama chini. Ryoba alinishika kiwiko kama mtu anayemsaidia mgonjwa.

"Tata, choo hakichekechwi," alisema.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kushtaki. Mkewe akasema hayupo, ameamkia kilimani. Nilirudi, nikamkuta ndani ya shimo langu, anapokezana nyundo na wengine. Alinipungia mkono kwa furaha.

Jumamosi, 6 Juni

Wameshafika wauza chai, muuza betri na kijana mwenye spika. Wimbo mmoja tangu asubuhi. Tetere wamehama.

Lakini hilo si kitu. Ryoba amenieleza leo, kwa upole wa daktari, kwamba mwamba unapanda. Unatoka chooni na kuelekea juu. Alinyoosha mkono. Ulielekea katikati ya zizi la baba. Wiki ijayo watafyeka minyaa na kufungua duara jipya humo, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao.

Nilimwambia hapana. Akasema ananielewa. Nikamwambia tena hapana. Akasema fungu langu litaongezwa.

Nikatunga mpango. Jioni niliwakusanya, nikawaambia kwa sauti nzito kwamba wazee wetu hawajaondoka hapa, na wanakasirika wakichokozwa. Nikaona nyuso zikibadilika. Nikajipongeza moyoni.

Zilikuwa zimebadilika kwa furaha. Kumbe dhahabu yenyewe hupenda mahali penye wazee. Wamenunua mbuzi, wamemchinja kwa niaba yangu, na wengine wengi wanakuja kesho. Mimi nilipewa ini. Lilikuwa tamu, nikiri.

Jumapili, 7 Juni

Ufumbuzi! Umenijia nikinyoa ndevu.

Hamim alipanda na mzigo wa mikate ya kuuza, akawa ananisimulia habari za watu, na katikati ya maneno akataja kwamba mke wa Ryoba ni binti wa Bernadetha. Bernadetha! Kwao palikuwa ng'ambo ya kijito, moshi wao na wetu ukichanganyika hewani kila jioni. Lori lilelile liliwabeba na wao. Alikuwa msichana mwenye kicheko kilichotangulia mtungi wake njiani. Sasa ni mjane, anaishi na ng'ombe wake nje kidogo ya Nyarero.

Sasa fikiri, Mogesi, nilijiambia. Kwetu mwanaume na mama mkwe hawapeani mikono. Hawakai kivuli kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani. Na mama mkwe akimwona mkwewe kifua wazi, hiyo si aibu ndogo. Ni mbuzi wa kuosha aibu na maneno ya ukoo mzima. Na wachimbaji hawafanyi kazi wamevaa mashati.

Nilishuka mara moja. Nilimkuta Bernadetha akikamua. Hakuinuka.

"Mura," alisema, "umezeeka vibaya."

Mura ni kijana. Nina mvi mpaka masikioni. Nilimeza tusi hilo. Nikamweleza kwamba hewa ya kilimani ni safi, kwamba ni vizuri mtu aitembelee ardhi aliyokulia, kwamba nitampisha kibanda nilale barazani. Habari za Ryoba sikuzitaja. Aliuliza kama chemchemi bado inatoa maji. Nikasema inatoa. Akakubali kabla sijamaliza hoja yangu ya tatu, na nilikuwa nimeandaa saba.

Jumatatu, 8 Juni

Ushindi!

Bernadetha alipanda asubuhi na kikapu na sufuria mbili kubwa. Sikujiuliza sufuria ni za nini. Ryoba alikuwa ndiyo kwanza anatoka shimoni, maji na tope vikimtiririka kifuani. Alimwona. Sijawahi kuona mtu mzima akiingia kwenye minyaa kwa mgongo. Alibaki humo mpaka mtu alipomrushia gunia, akajifunika, akashuka kilima akiwa ameinama kama anayetafuta sindano.

Bernadetha alikuwa amegeuza uso upande wa Mugumu, mkono shavuni, kwa adabu kubwa. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jioni. Ushindi una dosari ndogo. Wale wengine si wakwe zake. Wanaendelea kugonga kama kawaida. Na zile sufuria ni za makande. Anawauzia. Kibanda changu kimekuwa jiko, benchi langu lina watu watano wasionijua. Mimi niko barazani. Moto aliuwasha kwa karatasi alizokuta kitandani. Ilikuwa sura ya upweke, yote.

Jumatano, 10 Juni

Hamim ameleta ujumbe wa Ryoba. Ananisalimu sana. Anamheshimu mama mkwe wake kuliko macho yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo amenunua ovaroli lenye vifungo mpaka shingoni, na kofia. Ijumaa atarudi akiwa amefunikwa kama maiti, na watalianza zizi. Akiwa upande wa juu na mama upande wa jikoni, hawataonana.

Nilikaa chini. Ovaroli! Hilo sikuliwaza. Wazee waliotuachia mila hii hawakulijua ovaroli.

Nimefungasha. Mfuko mmoja na kitabu kilichopungua. Nilifikiria meza ya Veronika, na jinsi nitakavyokula miaka iliyobaki nikizungumzia hali ya hewa.

Bernadetha aliuona mfuko. Akaniuliza, huku anakoroga, ninamkimbia nani. Sijui kilichonipata. Nilimwambia yote: Ryoba, mkwe, hila yangu, ovaroli. Alisema aliijua hila tangu Jumapili, nilipotaja hewa safi, kwa kuwa hakuna mwanaume wa ukoo wetu aliyewahi kusifu hewa. Akauliza tena, zizi ni la nini kwangu, mtu asiye na hata ndama?

Nikajaribu kueleza. Asubuhi za baridi, kabla ya kukamua. Tulitoka pekupeku, miguu imekufa ganzi, tukasubiri ng'ombe aamke, na pale alipokuwa amelala tukasimama. Joto lilipanda kutoka kwenye nyayo mpaka magotini. Baba alikuwa upande wa pili anawaita kwa majina, kila mmoja na jina lake, na pumzi zao zilitoka nyeupe. Sijawahi kuwa na joto namna ile tena. Wala posta, wala Bomani, hata kwenye blanketi tatu. Ndicho nilichokuja kukitafuta. Kitabu ni kisingizio.

Aliacha kukoroga.

"Na sisi tulisimama hivyo hivyo," alisema. "Ungeniambia hilo kwanza."

Alhamisi, 11 Juni

Bernadetha hayupo. Ameondoka bila kuaga. Sufuria zipo, yeye hayupo. Wachimbaji wananidai chakula mimi! Nimewapikia uji. Mmoja ameuliza kama ndio ule wa kukandikia ukuta.

Nilizunguka zizi lote, nikigusa mnyaa mmoja mmoja. Utomvu umenichafua shati. Basi. Kesho.

Ijumaa, 12 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Ryoba alifika na ovaroli la bluu, amefungwa mpaka kidevuni, jasho linamtoka kabla ya kazi. Nyuma yake watu na mapanga. Alinipa shikamoo. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni, na hilo liliniumiza zaidi. Panga la kwanza lilikata tawi la mnyaa karibu na lango.

Ndipo tukasikia kengele ya ng'ombe.

Walikuwa wanapanda njia ya kijitoni. Ng'ombe aitwaye Mabaka mbele, kisha mwekundu mwenye pembe moja, kisha wengine, na nyuma yao Bernadetha na fimbo, amefunga kanga kiunoni. Hakumtazama mtu. Aliwaongoza moja kwa moja kwenye pengo la lango, wakaingia, wakainamisha vichwa kwenye yale majani kana kwamba walitoka jana. Akaziba pengo kwa miiba. Kisha akasimama, akampa mkwewe mgongo, akaanza kuzungumza na ng'ombe kwa sauti ya kusikika mpaka Nyarero.

"Kaa hapo, Mabaka. Pumzika. Aliyekuleta kwangu anakujua. Anajua alikutoa kwa ajili ya nani. Ukivunjika mguu kwenye shimo lake, binti yangu atarudi nyumbani, na yeye ataanza kutafuta ng'ombe upya."

Umati wote ulimgeukia Ryoba. Walikuwa ng'ombe wake wa mahari! Kila mmoja alimtafuta mwenyewe, wengine kwa dhahabu ya mashimo mengine. Hakuweza kumjibu mama mkwe, na hakuna aliyemtegemea amjibu. Alisimama na ovaroli lake, akifungua kifungo, akikifunga. Hatimaye alinigeukia mimi.

"Tata, mwambie Mabaka nimesikia. Sichimbi chini ya kwato zake."

Nilimwambia Mabaka. Nilimwambia kwa ukamilifu, kama tafsiri ya mahakamani. Mabaka aliendelea kula.

Waliokuwa na mapanga walikaa kidogo, wakanywa chai iliyobaki. Kisha Hamim akapanda na habari kwamba kuna mlipuko mwingine ng'ambo, mtu ameonekana akifukia kitu usiku. Kilima kilitulia kabla sijamaliza kumshukuru Mungu. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kutoka shimoni. Aliniomba samahani, na ngazi.

Jumamosi, 13 Juni

Niliamka kabla ya tetere. Nilivua viatu.

Ukungu ulikuwa bado bondeni. Bernadetha alikuwa ameshaingia zizini na kibuyu cha kukamulia. Mabaka aliinuka, miguu ya nyuma kwanza, akajinyoosha, akasogea. Pale alipolala palikuwa panafuka. Nilisimama.

Joto lilipanda mpaka magotini.

Bernadetha alikuwa anawaita ng'ombe kwa majina yao. Nilifunga macho, na kwa muda huo hakuna lori lililokuja.

Jumatatu, 15 Juni

Veronika alikuja jana kunichukua, akabaki mpaka jioni. Sharti limekwisha, amesema mwenyewe, na anaweza kulisikia zizi mezani siku zote. Walielewana na Bernadetha haraka mno. Wameamua kibanda kiongezwe chumba. Wameamua pia ninywe maziwa, niache sukari, na kiti changu kikae upande wa lango. Mimi nilikuwepo, sikuulizwa.

Ukweli lazima uandikwe. Sijasoma ukurasa hata mmoja tangu Ijumaa. Mama huyu anaongea toka kukamua mpaka kulala. Anaongea na ng'ombe, na moto, na mimi, bila kubadilisha sauti. Jioni wanakuja jirani zake kuchukua maziwa, wanakaa, wanacheka. Jana nilicheka nao, nikajikuta nimepitisha saa ya kutafakari. Hivi sivyo mtu anavyoishi peke yake na maumbile. Nilikuja kutafuta upweke, na upweke nitaupata.

Nimetunga mpango. Hauna kasoro.

Bernadetha ana binti mwingine, ameolewa Sirari na mtu aitwaye Mseti. Mkwe kama Ryoba, mila ileile. Mseti akija kukaa kwangu kwa wiki moja tu, mama mkwe hatakuwa na la kufanya ila kushuka kwake kwa heshima zote. Ng'ombe watabaki, maana huwezi kuwahamisha ovyo ng'ombe waliokwishazoea. Asubuhi nitakuwa nao peke yangu. Nitasoma.

Nilimpigia simu mchana kwa simu ya Hamim. Mtu mwenye adabu sana. Amefurahi, anasema siku nyingi alitaka kukiona kilima hiki. Kikwazo chake kimoja tu ni kazi: ana mashine za kusaga mawe ya dhahabu, nne, na vijana wa kuziendesha, na hawezi kuziacha nyuma zikaibiwa.

Nimemwambia aje nazo tu. Nafasi ipo tele.